Suyunchu ya Chuo cha Vioo

Bishkek, sokoni, 4 Julai

Mwanangu Aijarkyn,

Asalaam aleikum. Naanza na farasi, maana Bibi yako akisikia nimeuliza watu kabla ya mifugo atasema mji umeniharibu. Haya: farasi hawajambo? Wanakamulika? Kondoo wapo wote, au mbwa mwitu kapunguza? Nyonga ya Bibi inasemaje na baridi ya huko juu? Na wewe, wa mwisho kwenye foleni, hujambo? Sisi huku wazima. Mama yako ni mzima mpaka anakera. Toka asubuhi ananifokea kutoka duka lake la kontena mpaka langu, na wateja wanaopita katikati wanafaidi bure.

Sasa kaa chini. Kama umeshika ndoo, iweke.

Suyunchu! Suyunchu, mwanangu!

Jana nimesimama zangu nauza soksi, joto limekaba, mteja mmoja anaivuta soksi kama anavuta sikio la punda aone itachanika lini. Ghafla namsikia binamu yako Ularbek anakuja mbio katikati ya makontena, anaruka mizigo ya watu, anapiga kelele, "Suyunchu, mjomba! Suyunchu!"

Soko zima likageuka. Nikamwambia, "Suyunchu ya nini, we kichaa?"

"Toa kwanza!"

"Sema kwanza!"

"Aijarkyn kapata! Chuo cha Vioo! Jina lake nimeliona kwenye simu, la tatu kutoka juu!"

Chuo cha Vioo, mwanangu! Lile jengo tunalopita tukishuka basi, ambalo mama yako akilifikia anasimama kurekebisha kitambaa chake cha kichwa maana kioo chake kinaonyesha kuliko cha nyumbani. Uhusiano wa Kimataifa. Wewe utakuwa balozi, hakuna mjadala.

Sasa na wewe unajua mambo yetu. Mtu akikuletea habari njema na neno suyunchu mdomoni, humwachi aondoke mikono mitupu. Na watu wote wanatazama. Nikapapasa mfukoni: mbegu za alizeti. Nikatazama kontena: soksi. Mtoto kawa balozi halafu baba atoe soksi? Yule muuza sufuria wa pembeni akaanza, "Mpe jozi mbili, Soksi! Leo usibane, mpe mbili!" Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikaisikia sauti yangu inasema, "Chukua Toru! Chukua yule farasi mwekundu aliyeko malishoni!"

Wee! Makofi yalivyopigwa! Muuza sufuria alifunga mdomo mpaka jioni.

Najua Toru ulimlea kwa chupa. Najua. Lakini fikiria, balozi atampanda wapi farasi? Watakupa gari lenye kibendera mbele. Ularbek atapanda na lori la Joldosh wiki ijayo kuja kumchukua. Mpige brashi, mchane singa, asitutie aibu.

Mimi baba yako, ambaye tangu jana naitwa
Baba Balozi


Malishoni, 6 Julai

Baba,

Shikamoo. Farasi wazima, kondoo wapo, Bibi nyonga inamuuma ila ulimi hauumi. Mimi ni mzima. Nilikuwa mzima zaidi kabla Joldosh hajanipa barua yako.

Baba, mwezi wa tano tulikaa mezani, wewe, mimi na Mama. Nilisema naomba vyuo viwili kwa sababu mwalimu kanishikilia nijaribu na hicho cha vioo, ila ninachokitaka ni chuo cha mifugo. Ukasema, "Sawa mwanangu, sawa, hebu nipe chumvi." Unaikumbuka hiyo chumvi? Mimi naikumbuka.

Basi chuo cha mifugo nacho kimenichukua. Mwalimu kampa Joldosh ujumbe. Ni nafasi ya serikali, silipi ada, na kitanda bwenini nimepata. Kile chako ada yake unaijua? Uliuliza? Au ulikuwa bado unapigiwa makofi?

Na wala si ada peke yake. Nilipoenda kwenye mahojiano pale kwenye vioo, waliniuliza nimeshatembelea nchi zipi. Nikasema nimevuka mlima na kondoo wa Bibi, kwenda na kurudi, kila mwaka tangu nianze kukaa juu ya farasi. Wakacheka kwa adabu. Bora wangecheka vibaya. Kule kwenye mifugo mzee mmoja aliniuliza kama nimewahi kumzalisha kondoo ambaye mwanawe kakaa vibaya tumboni. Nikaanza kumweleza, akavuta kiti chake karibu.

Halafu Toru. Unatoaje kitu ambacho si chako? Mama yake alipoliwa na mbwa mwitu ni mimi niliyeamka na chupa, mpaka nikawa nanuka maziwa darasani na hakuna aliyetaka kukaa na mimi. Leo unamgawa sokoni ili muuza sufuria afunge mdomo! Na unampa nani? Ularbek! Ularbek anayeogopa bata!

Sikiliza. Suyunchu inatolewa kwa habari njema. Kama mimi siendi Chuo cha Vioo, hiyo si habari njema, wala si habari. Kwa hiyo hakuna suyunchu, na Toru haendi popote.

Cheti changu halisi kipo kwenye sanduku la Mama, chini ya mashuka. Kipeleke kabla ya tarehe ishirini na tano. Asiyefikisha cheti halisi siku hiyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Mimi siwezi kushuka, hawa farasi wanakamuliwa mara sita kwa siku na Bibi hawezi kuchuchumaa. Naandika kwa herufi kubwa usije ukasema hukuona: CHUO CHA MIFUGO.

Mwanao (si balozi),
Aijarkyn


Bishkek, 11 Julai

Mwanangu mkali,

Asalaam aleikum. Farasi, kondoo, nyonga, wote natumaini wanaendelea. Kuhusu wewe siulizi, barua yako imenionyesha una nguvu za kutosha. Mama yako nilimsomea, akasema, "Ana haki." Nikamwambia wewe mwanamke, uko upande gani? Akasema yuko upande wa chumvi. Kwa hiyo sasa mko wawili.

Mwanangu, daktari wa ng'ombe? Chuo cha Kwato? Mtu aache jengo la vioo lenye lifti aende kwenye jengo lenye harufu? Harufu ya mavi ya farasi unayo tayari, huna haja ya kuisomea miaka mitano.

Ngoja nikwambie kitu bila mzaha, na ujue kwangu kuandika bila mzaha ni kama kutembea bila kiatu kimoja. Hapa sokoni hakuna anayejua jina langu. Miaka yote hii. "We Soksi, sogeza kreti!" "Soksi, una chenji?" Hata wakati nilipokuwa nauza miamvuli, wakaniita Soksi. Hata mwaka ule wa majiko ya umeme. Juzi mzee wa ushuru, yule asiyesalimia, kapita kontenani kwangu akasema, "Baba Balozi, hongera." Akanipa mkono. Mwanangu, nilikwenda nyuma ya kontena nikajifanya natafuta boksi.

Kwa hiyo ada usiitaje. Ada ni kazi yangu. Nina mipango yangu, na mipango yangu unaijua, huwa inakubali.

Ularbek anapanda kesho. Kanunua viatu vyeupe kwa ajili ya safari. Nimemwambia anakwenda malishoni si harusini, akasema mtu anayekwenda kuchukua farasi lazima apendeze. Mpokee vizuri, ni damu yako.

Baba yako


Malishoni, 13 Julai

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Naandika kwa haraka, Joldosh kashawasha lori.

Barua yako nimeisoma mara mbili kutafuta neno "cheti". Halipo. Lifti ipo, harufu ipo, majiko ya umeme yapo. Cheti hakipo. Baba, kiko wapi?

Huyo Ularbek wako kafika. Kashuka kwenye lori na viatu vyeupe, akakanyaga pale pale ambapo dume la ng'ombe lilikuwa limetoka kusimama. Akasimama mbele ya yurta, hema letu, akamwambia Bibi, "Bibi, nimekuja kuchukua suyunchu yangu."

Bibi hakuinua hata macho, alikuwa anakanda unga wa maandazi ya boorsok. "Suyunchu ya nini?"

"Ya Aijarkyn kuingia chuo."

"Kaingia?"

"Jina limetoka."

"Jina limetoka. Yeye yuko wapi?"

"Si huyu hapa?"

"Basi hajaingia. Akishaingia chuo, mguu wake na begi lake, ndio habari itakuwa imeiva. Hapa tunakula vilivyoiva." Akamtupia ndoo. "Wakati unasubiri, kamua."

Baba, mtu mzima yule alilia. Farasi jike wa kwanza kamkanyaga, wa pili kamnyima maziwa, wa tatu kamwagia ndoo nzima. Bibi amekaa kwenye kiti anamwelekeza na fimbo. Sijawahi kumuona Bibi na furaha hivi tangu msimu uanze. Na Toru kaivuta kofia ya Ularbek akaitafuna.

Ningecheka, lakini Joldosh kaniambia kitu kingine. Kasema kwenye kontena lako umebandika kadibodi: INAUZWA.

Hiyo ndiyo mipango yako inayokubali? Uuze kontena ili mimi nikakae na watu wanaocheka kwa adabu? Mwaka wa pili utauza nini, la Mama? Wa tatu je? Wa nne utamuuza Bibi?

Nijibu mambo mawili tu. Kadibodi. Cheti. Usiniandikie habari za hali ya hewa.

Aijarkyn, mwanao


Bishkek, 18 Julai

Mwanangu,

Asalaam aleikum kwako, kwa Bibi, kwa farasi, na kwa yule mkamuaji mpya mwenye viatu vilivyokuwa vyeupe. Hali ya hewa siisemi, umenikataza, ingawa kuna jua zuri.

Cheti. Cheti kiko Chuo cha Vioo. Nilikipeleka siku ile ile, makofi yakiwa bado yanalia masikioni. Nilipanda basi na fulana ya kazi. Barua yako ya kwanza ilinikuta tayari. Nikasema nitakirudisha kesho, kesho ikaja nikasema keshokutwa. Nilikuwa nangoja ubadilishe mawazo. Jana nimekwenda kukiomba. Katibu wao, mama mmoja mpole mwenye kucha ndefu, kaniambia cheti hakitoki mpaka mwenye cheti aje mwenyewe aweke saini. Nikamwambia mwenye cheti yuko kwenye farasi. Akasema, "Basi ateremke, mzee, bado kuna siku."

Kadibodi nayo ni kweli. Hajatokea mtu. Muuza sufuria kaja kuuliza bei nikamfukuza.

Sasa usirarue barua, bado kidogo. Maana kuna kitu nimefanya ambacho hukuniomba.

Mimi mahali sipajui mpaka niuze pale. Mwingine atasoma vitabu vyao vya rangi, mimi naweka kapu langu getini naangalia nani ananunua na ananunuaje. Kwa hiyo wiki hii nilibeba kapu la soksi. Jumatatu nikakaa Chuo cha Vioo. Mlinzi kanifukuza, nikampa jozi, akanifukuza taratibu. Wale watoto, mwanangu, hawabishani bei. Ama ananunua bila kuuliza, ama anapita kama mimi ni nguzo ya taa. Mtu asiyebishana bei na wewe hana haja na wewe. Mimi hilo nalijua kama ninavyoujua mkono wangu.

Halafu nikamuona binti mmoja. Kashuka basi la mikoani, mashavu yamechomwa na upepo wa juu kama yako. Kaingia nyuma ya mti, kavua viatu vyake vya mpira, kavaa vingine vya kung'aa, vile vya mpira kavifunga kwenye mfuko akauficha chini ya benchi. Jioni karudi, kavaa vya mpira, kaondoka. Siku nzima sikumuona akicheka. Nilitaka kumpa soksi bure, nikashindwa kumwita.

Jumanne nikakaa Chuo cha Kwato. Hapo geti lenyewe bovu. Kijana kapita na mbuzi kwa kamba mlango mkubwa wa mbele, hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja katoka na aproni ya plastiki, mkono umeloa mpaka begani, sisemi umeloa nini. Kanibishia bei mpaka jasho limenitoka. Kaniuliza natoka wapi, ukoo gani, nikamtajia, akasema, "Kuna binti wa huko alikuja kwetu mwezi wa sita, alinieleza jinsi ya kumgeuza mwanakondoo tumboni. Tunamsubiri." Kanunua jozi nne. Sikumwambia mimi ni nani.

Nilirudi sokoni na hasira. Nimekasirikia nani sijui. Wewe, yule mzee, yule binti wa viatu. Kila mtu kanikera wiki hii.

Fanya unavyotaka.

Baba yako


Malishoni, 20 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua hii inatangulia, mimi niko nyuma yake. Lori limejaa mifuko ya kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, mpaka kwenye kiti, Joldosh hana pa kuniweka. Nashuka na Toru mpaka kwa shangazi kule Kochkor, namwacha pale, kisha napanda gari.

Ularbek anabaki na ndoo. Bibi kasema nisiwe na wasiwasi, fimbo anayo.

Tarehe ishirini na tatu asubuhi nikukute kwenye Chuo cha Vioo. Vaa shati safi. Usije na soksi.

Mwanao


Malishoni, 10 Agosti

Mwanangu Aijarkyn,

Asalaam aleikum. Naanza na mama yako na kontena, maana farasi safari hii ninao mwenyewe, mpaka nimechoka kuwaona. Mama yako hajambo? Anauza? Amwambie muuza sufuria ile kadibodi niliichana mwenyewe kabla sijapanda, asijisumbue kuuliza.

Najua nimepanda lori bila kukuaga. Najua na sababu unaijua. Mimi na wewe tangu siku ile hatujaongea kama watu. Pale ofisini yule katibu alikuuliza, "Binti, una uhakika? Kuna watu wanaililia hii nafasi." Ukasema, "Nina uhakika." Haraka hivyo, kama mtu anayelipa nauli. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, mzee?" Mwanangu, mimi nimeshamuuzia mtu glavu za sufu katikati ya Julai. Siku ile sikuuza kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Wewe ukachukua cheti chako, ukapanda basi kwenda Kwato, mimi nikarudi sokoni. Muuza sufuria kaniona kwa mbali tu: "Baba Balozi! Umeng'ara leo!" Nikafunga kontena. Hilo ndilo lililonileta huku, si mapenzi ya kukamua.

Na Ularbek naye si alitoroka! Joldosh alimkuta njiani kajilaza katikati ya mifuko ya kumisi. Kasema suyunchu yake kaisamehe, hataki tena kuona kitu chenye kwato, hata kwenye picha. Nimempa boksi zima la soksi na viatu vipya. Toru ni wako. Nilimpitia kwa shangazi yako nikapanda naye huku. Kaniangusha mara mbili, ya pili nadhani kwa makusudi.

Basi nilikuja huku nikasirike kwa utulivu. Hakuna! Huku mtu hapati hata nafasi ya kukasirika. Nikimaliza kukamua wa mwisho, wa kwanza kashajaa. Halafu watu! Kila siku kuna mtu anafika juu ya farasi. Hawashuki hata. "Aijarkyn yuko wapi?" Mjini. "Anarudi lini?" Anasoma. "Anasoma nini?" Na mimi kama mjinga najibu, "Kwato." Wanaitikia kama nimesema jambo la maana sana. "Safi. Alichelewa." Hakuna hata mmoja aliyeuliza chuo kina vioo.

Jana kaja Sairagul, yule mjane wa yurta ya ng'ambo ya kijito. Kambeba kondoo mbele ya tandiko, kamshusha, kamweka miguuni kwangu.

"Wewe si baba yake Aijarkyn?"

"Ndimi, mama. Lakini mimi nauza soksi."

"Basi mvalishe soksi. Ilimradi atembee."

Akageuza farasi akaenda zake! Sasa nina kondoo. Mguu wa mbele, hakanyagi, katikati ya kwato pananuka kuliko jibini iliyosahauliwa. Nimemuuliza Bibi afanyweje. Unamjua Bibi, kashatibu mifugo tangu mimi sijazaliwa. Kanitazama, kafunga kitambaa chake. "Muulize daktari wako."

"Mama, si unajua wewe!"

"Najua. Ila mimi sikusoma. Muulize daktari wako."

Kwa hiyo nakuuliza. Si kwamba nimekubali. Ni kwa sababu ya kondoo. Nijibu haraka, Joldosh anarudi Alhamisi, na huyu mnyama ananitazama kama ananidai.

Baba yako


Bishkek, bwenini, 15 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mama mzima, kontena zima. Soksi anauza kuliko wewe, kwa sababu anaongea kidogo.

Kondoo kwanza. Mwondoe kwenye majani ya kijito, akae pakavu, na umtenge na wenzake. Kaa chini, mlaze mgongoni katikati ya miguu yako, Bibi amshike kichwa. Kata ukucha uliozidi kwa kisu kikali, kidogo kidogo, acha kabla ya damu. Safisha pale katikati mpaka uone nyama safi. Usifumbe macho. Kisha chukua mrututu, ule unga wa bluu wa Bibi ulio kwenye kopo la chai, uuyeyushe kwenye maji, umsimamishe mguu humo ndani muda wa kunywa chai bakuli moja. Rudia kila siku mpaka akanyage. Mikono osha. Baba, osha.

Sasa la pili. Chumbani tuko wanne, dirisha linatazama zizi. Leo wameita majina uani. Yule mzee wa aproni alipofika kwenye langu akasema kwa sauti, "Huyu baba yake ndiye alinibishia bei ya soksi." Kumbe alijua. Kasema una pua yangu.

Kwa hiyo: suyunchu, Baba! Nimeingia. Mguu wangu na begi langu. Habari imeiva.

Na suyunchu nachagua mwenyewe, maana nikikuachia wewe utagawa ng'ombe wa jirani. Sitaki farasi. Sitaki koti. Nataka ukishuka ukawaambie sokoni kwa mdomo wako, ule ule uliomtoa Toru, kwamba binti yako anasoma wapi. Usinong'one. Usifanye mzaha mpaka umalize sentensi.

Kama huwezi, sema huwezi. Nimechoka kukisia.

Mwanao


Malishoni, 24 Agosti

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Wote wazima, na wote maana yake na yule kondoo.

Nilifumba macho mara moja tu. Bibi alinipiga na fimbo nikafumbua. Leo asubuhi kanyanyuka, kakanyaga, kakimbia, na mimi nyuma yake nikijaribu kumshika nimrudishe kwa mwenyewe. Nikampakia juu ya Toru. Sikuanguka. Andika hilo mahali.

Nilipovuka kijito, nikamuona Sairagul kwa mbali anakamua. Sikungoja nifike. Nikasimama kwenye vikuku vya tandiko nikapiga kelele, "Suyunchu! Suyunchuuu!" mpaka mbwa wake wakakimbilia nyuma ya yurta. Watu wakatoka, kila hema. "Suyunchu ya nini?" "Kondoo anatembea! Binti yangu kamtibu akiwa Bishkek! Anasoma Chuo cha Mifugo, udaktari wa wanyama, miaka mitano, nafasi ya serikali!" Nilimaliza sentensi nzima, mwanangu. Mzaha niliuweka mwisho, nilipowaambia kwa kondoo mwenye miguu minne mizima suyunchu ni mara mbili. Sairagul kanipa mfuko wa kurut, yale madonge ya jibini kavu. Nakutumia, gawana na hao watatu.

Hayo yalikuwa mazoezi. Mwezi ujao nikishuka nitapanda juu ya kreti mbele ya muuza sufuria. Anichekee. Nitamuuzia kofia.

Ningeandika zaidi, lakini nje kuna mtu kaja na mbuzi jicho limevimba, linatoa maji, kope zimegandana. Namsikia anamuuliza Bibi jina langu. Bibi kashamwambia. Sasa ananiita, na huku juu hakuna anayeniita Soksi. Nijibu mapema hiyo ya jicho, Joldosh anangoja.

Mimi,
Baba Aijarkyn